Kilio Ni Chetu

Shituru, Likasi
3 Machi 2025

Mudogo wangu Ghislain,

Mimi dada yako naandika kwa mkono, kisha naipiga picha hii karatasi na kukutumia, kwa sababu kwenye simu una ujanja wako. Nikigusa habari ya kazi yako, mara "Yaya, réseau ni mubaya," eti mtandao hamna, na simu inakufa. Karatasi haina réseau.

Jana wametundika bango kubwa kwenye ukuta wa uwanja wa mpira: ORVANE: TUNARUDISHA IMANI. Ni wewe uliyeandika hicho Kiswahili? Sisi tuliofiwa tunajua Orvane ni kiwanda cha ndege. Wengine hapa wanadhani ni mhubiri. Makanisa ya mtaa wa Kikula yameshatangaza kwamba mtumishi Orvane anatoka Ulaya kuombea wagonjwa tarehe 26 Aprili, na mama mmoja ameniuliza kama atapokea pia wenye kisukari. Nilicheka peke yangu jikoni, kisha nikakasirika kwa kuwa nimecheka.

Familia za waliokufa zimepata barua za mwaliko. Mama Mbombo amepata yake kwa ajili ya binti yake Orpa, ameibandika sebuleni. Mimi sikupata. Nilipouliza kwa yule mtu wenu wa hapa mjini, akaniambia orodha ni ya wahanga. Kwa hiyo mume wangu, rubani, aliyeungua ndani ya ndege hiyo hiyo ilipoanguka porini upande wa Mwadingusha, si mhanga. Godefroid ni sababu.

Unajua walivyoniita tangu wakubwa wako waseme redioni "erreur humaine", kosa la rubani? Hilo ndilo jina la nyumba yangu. Madereva wa pikipiki wanashusha watu "kwa Erreur Humaine". Siku ya kilio cha mume wangu nilikodi viti, nikapika, na hakuja mtu wa kukaa. Aliyekuja ni Mbombo, na mawe kwenye kitenge chake. Alisimama barabarani anapiga kelele: "Utoke! Bibi ya ule pilote aliua batoto betu, utoke!" Dirisha la chumba cha kulala bado nimeliziba kwa katoni.

Sasa sikia ninachotaka. Huyo Mkurugenzi wako anayekuja kuhutubia aseme kwa mdomo wake, hapa Shituru, mbele ya Mbombo na wote walionikimbia, kwamba Godefroid hakukosa. Mpaka aseme, kilio sikimalizi na nguo nyeusi sivui. Wewe uko ndani ya hiyo ofisi. Fanya kazi.

Yaya yako,
Albertine

*

Namur
9 Machi 2025

Yaya wangu mpendwa,

Nimesoma barua yako zaidi ya mara moja. Habari ya orodha imeniumiza. Nitaomba uwekewe kiti, hilo naweza.

Ulilotaka siwezi, na ninaomba unisikilize bila kuirarua hii. Hotuba inaandikwa kwa Kifaransa na mawakili. Mimi naitafsiri tu. Nikimaliza, anaipokea mwalimu mmoja wa Kiswahili kutoka Mombasa, ambaye hajui mimi ni nani, naye anairudisha kwenye Kifaransa ili mawakili walinganishe. Nikiongeza hata nukta ya kwangu, siku hiyo hiyo nimetoka. Mkurugenzi ataisoma mwenyewe kwa Kiswahili, kwa heshima. Hilo lilikuwa wazo langu.

Kuhusu "imani", ningeandika nini? Kamusi inasema confiance ni imani. Najua nyumbani tunasema "confiance" tu, lakini kwenye bango ingekuwa aibu.

Yaya, unaiona Orvane kama nyumba ya wachawi. Haiko hivyo. Baada ya ndege yetu ya kwanza kuanguka ng'ambo, kisha ile ya Godefroid, kiwanda kilikaribia kufa. Hakuna aliyetaka kununua. Tulibadilisha mengi. Siku hizi fundi yeyote akiona kasoro anaweza kusimamisha kazi nzima na hakuna bosi wa kumfokea. Mimi nakaa kwenye kamati ya usalama, Mkongo peke yangu. Yapo mambo siwezi kukuandikia. Uchunguzi haujafungwa.

Nakuwekea hotuba uione. Inaishia kwa maneno mazuri: "Tunawapa pole kwa msiba mkubwa uliowapata. Kilio chenu ni kilio chetu pia." Ni hatua, Yaya. Tuipokee hatua.

Mudogo wako,
Ghislain

*

Shituru, Likasi
14 Machi 2025

Mudogo wangu,

Nilikuwa na hasira, nimetulia. Umesema kweli, hatua ni hatua. Ahsante kwa habari ya kiti.

Nimeisoma hotuba. Ni nzuri, imepangwa kama ya bwana askofu. Nina wasiwasi mmoja mdogo, wa sauti tu. Ile sentensi ya mwisho ni ndefu mno kwa ulimi wa mzungu. "Kilio chenu ni kilio chetu pia", atajikwaa hapo katikati, watu watacheka, na heshima yote uliyoitafuta imekwenda. Toa "chenu", toa na hiyo "pia". Abaki na "Kilio ni chetu." Basi. Ni fupi, inakaa mdomoni, na inaingia moyoni. Nikisikia hayo tu kutoka kwake, yatanitosha.

Mwalimu wako wa Mombasa hatakuwa na shida. Maana ni ile ile.

Huku tuko salama. Mzee Adolphe, baba mkubwa wa Godefroid, anakusalimu sana. Anakukumbuka ukiwa bado shule ya msingi, siku baba mdogo alipokuchukua kwenda Ulaya. Anasema ulikuwa mtoto mwenye akili, ila uliondoka kabla hujafikia umri wa kukaa na wakubwa. Si kosa lako.

Yaya yako,
Albertine

*

Namur
2 Aprili 2025

Yaya,

Habari njema. Mwalimu wa Mombasa ameipitisha, tena amesema hiyo fupi ni tamu zaidi. Kwa Kifaransa ameandika: "Nous pleurons avec vous," tunalia pamoja nanyi. Mawakili hawakuona tatizo. Mkurugenzi mwenyewe ameshukuru, maana ile ndefu ilikuwa inamtoa jasho. Sasa anatembea kwenye korido anarudia, kilio-ni-chetu, kilio-ni-chetu, makatibu wote wameishika.

Nitakuja naye. Nitasimama kando yake kutafsiri watu wakiuliza maswali. Jina lako limewekwa, mstari wa nne, upande wa kulia. Si mbele, najua, lakini liko.

Sikuambii jinsi nilivyofurahi kuona moyo wako umepoa. Nilikuwa naogopa kuifungua barua yako.

Mudogo wako,
Ghislain

*

Lubumbashi, hotelini
27 Aprili 2025

Albertine,

Umenifanyia nini?

Nilikuwa pale na bado nashindwa kuelewa. Uwanja ulijaa hadi ukutani, nusu yao na Biblia mkononi, wagonjwa wamelazwa mbele kwenye magodoro. Mkurugenzi alidhani wote wamekuja kwa ajili yake, akafurahi. Akasoma vizuri. Akafika mwisho, akasema kwa sauti yote, "Kilio ni chetu," na hakuna aliyepiga makofi. Nikaona Mzee Adolphe anainuka na fimbo yake: "Asante, patron. Kama kilio ni yenu, mukuye mwikale fasi ya benyewe."

Mje mkae mahali pa wenyewe: mimi, mjinga, nikamtafsiria Mkurugenzi kwamba tumealikwa nyumbani kwa familia. Nilidhani ni chakula! Tukafuatana na umati wote hadi kwako, ukatuonyesha mkeka uani, ukamvua viatu kwa mkono wako mwenyewe. Ulikuwa unatabasamu. Sijawahi kukuona ukitabasamu hivyo.

Dereva ndiye aliyenieleza, usiku huu tukirudi. Kwamba huko kwetu, mtu akisema kilio ni chake, amekubali kifo kimetoka nyumbani kwake. Lazima akae chini, aulizwe na wafiwa jinsi mtu alivyokufa, na hatoki mpaka ajibu. Dereva alishangaa kwamba sijui. Alidhani nilifanya makusudi.

Ulijua kwamba sijui. Ulinihesabia miaka niliyokuwa mbali ukaitumia. Mkurugenzi hajaniambia neno tangu tutoke Likasi, isipokuwa kunidai kadi ya kuingilia kiwandani. Miaka yangu yote ya kazi, Yaya, kwa maneno matatu. Ungeniambia tu unachotaka.

Ghislain

*

Shituru, Likasi
30 Aprili 2025

Ghislain,

Nilikuambia ninachotaka. Rudi kwenye barua yangu ya kwanza, iko na wino wa kutosha.

Ndiyo, nilikudanganya, na ningekudanganya tena kesho asubuhi. Nilimwambia Mzee Adolphe peke yake. Sikuomba Mungu anisamehe hilo, na sina mpango.

Lakini barua yako ina tundu. Umeeleza uwanja, magodoro, fimbo ya Mzee Adolphe, mpaka viatu. Umefika kwenye mkeka ukaruka ukaingia kwenye gari. Katikati pamekwenda wapi? Nitakujazia.

Mbombo alipiga magoti mbele ya mkubwa wako. Mbombo yule yule. Akasema: "Patron, mutoto wangu Orpa alikufa namna gani? Minye naomba utuambie weye mwenyewe. Ni ule pilote?" Ukatafsiri. Mkubwa wako akainama kwenye sikio lako, akanong'ona, na kimya kilikuwa kikubwa hata kuku wa jirani tuliwasikia. Alisema: "Comme convenu, pas un mot sur la vanne. Qu'ils gardent leur pilote."

Alidhani wanawake waliokaa chini kwenye mkeka hawajui Kifaransa. Ghislain, hapa ni Shituru. Kila nyumba ya mtaa huu ina mwanamume aliyefungua na kufunga vanne, vizibo vya mabomba, pale kiwanda cha shaba maisha yake yote. Wanawake wanalijua hilo neno kama wanavyojua jina la sabuni. Tulisikia sote: wasiambiwe habari ya vanne, wabaki na rubani wao.

Uliona alivyofanya Mbombo? Alikaa. Hakulia, hakupiga kelele. Alikaa tu chini ukutani, chini ya dirisha alilolivunja. Nilimtazama na sikumwonea huruma, nakuambia ukweli wangu. Nilisema moyoni, imeze hiyo.

Ningefurahi siku nzima. Lakini nilikuwa nimesikia na yale maneno mawili ya mwanzo. Comme convenu. Kama tulivyokubaliana. Wewe ukaangalia chini, kama zamani ulipokuwa unaiba maziwa ya unga.

Alikubaliana na nani? Tangu lini?

Albertine

*

Namur
11 Mei 2025

Yaya,

Tangu Agosti.

Maabara ilipata kwamba kile kizibo cha mafuta, vanne, kikipata joto kali kinaweza kujifunga chenyewe ndege ikiwa angani. Injini zinakosa mafuta. Rubani anaona taa inamwambia yeye ndiye amefunga. Godefroid hakufunga kitu. Alijaribu kukifungua mpaka mwisho, sauti yake iko kwenye kisanduku cha ndege kinachorekodi. Nimeisikia. Hilo nalo nilikuficha.

Kamati ilikutana. Wengine walitaka tutangaze. Mawakili wakasema tukitangaza, kesi zitaanza, kila kitu kitasimama mikononi mwa mahakama, na ndege zitaendelea kuruka na vizibo vyake wakati watu wanabishana. Mkurugenzi akasema: nitabadilisha vizibo vyote, kila ndege, kila nchi, kimya kimya, kama matengenezo ya kawaida, na kazi hiyo naiweka chini ya Ghislain. Sharti ni kunyamaza. Nikakubali.

Unisikilize. Ndege hizo zimebeba watu kila siku, na mimi ndiye niliyekuwa napiga simu, nasukuma, natuma mafundi. Nyingi sana zimeshabadilishwa. Zimebaki chache, na baadhi ziko Afrika, kwenye viwanja vyenye joto. Niliweka kwenye mizani upande huu watu walio hai, na upande ule jina la mtu aliyekufa. Na dirisha lako. Nilijua kuhusu dirisha lako, na nikanyamaza. Kila usiku nilijiambia utaelewa siku moja.

Sasa wamenisimamisha kazi. Kampuni imetangaza kwamba yaliyosemwa Likasi yalikuwa "kosa la tafsiri", na mwanasheria wao atakuja kwako na karatasi. Yaya, naomba kitu ambacho sistahili. Isaini. Inasema tu kwamba wewe ndiye uliyenishauri yale maneno, kwamba Mkurugenzi hakujua maana yake, na kwamba hakuna kilichosikika kwenye mkeka. Ukisaini, watanirudisha, na nitamaliza ndege zilizobaki. Usiposaini sijui ni nani atakayezimaliza, au kama zitamalizwa.

Nimemuua Godefroid mara ya pili, najua. Usiache watu wengine wafe kwa sababu ya hasira yako kwangu.

Ghislain

*

Shituru, Likasi
25 Mei 2025

Ghislain,

Mwanasheria alikuja na karatasi yake. Kijana mwenye adabu, viatu vimepigwa rangi. Nikamwambia asome kwa sauti, uani, maana nilikuwa na wageni. Alipofika pale pa "hakuna kilichosikika", Mzee Adolphe akamwuliza: "Mutoto, weye ulikuwa hapa? Minye nilikuwa hapa." Hakumaliza kuisoma. Sikusaini.

Wageni niliokuambia ni wa kilio. Wamekuja, mwishowe. Mtaa wote ulionikimbia umerudi na makaa, unga na masufuria yao. Wanakaa usiku na mchana kwenye vumbi, wanamlilia Godefroid kama vile alikufa juzi. Mbombo alikuja wa kwanza. Alitaka kunishika miguu. Nikairudisha nyuma, nikamwambia: "Mama, fasi yako ni pale," nikamwonyesha ukutani. Yupo hapo mpaka leo. Watu wananiambia nimsamehe, amefiwa na yeye. Najua amefiwa. Siko tayari na sitajifanya niko tayari. Jana usiku niliwaacha wote wanaimba nje, nikafunga mlango, nikalala mpaka jua likatoka. Walie. Nililia peke yangu muda wa kutosha.

Sasa wewe.

Barua yako nimeisoma mbele ya Mzee Adolphe, kila neno. Unasema ulipima. Nikikuangalia vizuri, nakubali mizani yako haikuwa ya mpumbavu, na hilo ndilo linaloniuma kuliko mawe. Ungeniambia mimi peke yangu ningenyamaza! Ningekaa humu ndani na dirisha langu lililovunjika, nikijua mume wangu alikufa anapigana, na nisingefungua mdomo mpaka kizibo cha mwisho kibadilishwe. Hukunipima mimi kwenye hiyo mizani. Ulinihesabia kwamba siwezi. Uliisikia sauti ya mume wangu, ukakaa nayo, na mimi mkewe sina hata pumzi yake moja.

Unasema nisiposaini watu watakufa. Hapana, Ghislain. Hiyo ni lugha ya mkubwa wako imebaki mdomoni mwako. Ndege zilizobaki zina namba, na wewe unazijua namba hizo na viwanja zinakotua. Kinachozuia watu kuzipanda si kusaini kwangu. Ni kunyamaza kwako.

Tarehe 14 Juni tunamaliza kilio. Utakuja. Utavua viatu, utakaa kwenye mkeka pale alipokaa mkubwa wako. Mbombo atakuuliza kwanza, kisha mimi. Utatuambia Godefroid alisema nini mwishoni, neno kwa neno, na hutafupisha. Kisha utazisoma namba za hizo ndege kwa sauti, mbele ya wote, na makanisa ya Kikula yenye Biblia zao, na wenye redio, maana nimewaalika. Nchi hii haina kitu kinachokimbia haraka kama habari ya ndege mbovu. Hatapanda mtu. Watabadilisha vizibo wao wenyewe, mbio, bila wewe.

Baada ya hapo Orvane watakushtaki, watakumaliza, sitakudanganya. Mimi nitakuwa nimekaa kando yako ukiulizwa. Sisemi nimekusamehe. Nasema nitakaa.

Usipokuja, sina mudogo, na barua hii ndiyo ya mwisho.

Ukija, kabla hujapanda ndege, uliza kwanza imetengenezwa na nani.

Albertine,
mjane wa rubani Godefroid